Matone Mawili

Msabila aliileta kwenye keria ya baiskeli,
imefungwa kamba za katani, imevikwa gunia la tumbaku,
akaitua barazani kwangu, Kanyenye,
kama mtu anayetua mgonjwa wa jirani.
"Ipake rangi," akasema. "Nyeusi ya kung'aa.
Na haya maandishi ya dhahabu uyarudishe.
Nataka ikae sebuleni, chini ya runinga."
"Inashona?"
Akacheka. "Ashone nani?"

Nikalijaribu gurudumu. Robo mzunguko tu,
halafu *tk*,
kama ulimi wa mtu aliyekataa kujibu.

Mimi na chuma tumelelewa nyumba moja.
Baba alikuwa karakana ya reli,
akirudi na grisi kwenye kucha hata siku ya Idi,
na kabla sijajua kusoma alishanifunza:
skrubu iliyoganda haigombezwi.
Itie mafuta ya taa. Iache ilale.
Basi ikalala, siku tatu, chini ya kitanda changu,
na usiku treni ya Mpanda ilipopita
niliisikia ikitetema kidogo kwenye sakafu,
au nilikuwa natetema mimi.

Siku ya nne nikafungua sahani ya sindano.
Chini ya meno, vumbi la nyuzi
limeshindiliwa kama udongo wa kichuguu,
tabaka juu ya tabaka. Nikalibandua kwa kibano.
Juu, buluu ya sare za shule.
Chini yake zambarau, joho za kwaya bila shaka,
kisha nyekundu, nyekundu nyingi,
harusi za mwaka ambao tumbaku ilipata bei.
Kisha nyeupe, mashuka ya hospitali.
Kisha kaki.
Na ndani ya kaki, fupi kuliko punje ya mtama,
ncha ya sindano.

Nikampigia simu. Akanyamaza mpaka nikadhani salio limeisha.
"Ilivunjikia kidoleni mwake," akasema.
"Nilikuwa darasa la tano. Nimerudishwa, sina kaptura.
Alijifunga kitambaa, akashona hadi alfajiri.
Siku zote alisema ncha imebaki mwilini.
Mawingu yakitanda alikishika kidole hiki, cha shahada,
anasema inatembea, leo itanyesha.
Na ilinyesha, fundi. Mara nyingi ilinyesha.
Tumemzika nayo, ndivyo tulivyojua."

Kumbe ilikuwa humu, imejilalia kwenye pamba,
mpaka baiskeli na makorongo ya Ipuli
vikaitikisa, ikaangukia kati ya jino na jino.

Rangi sikuipaka.
Alipokuja nikamwonyesha: dhahabu imefutika hapa tu,
pembeni mwa mkono wa mashine, duara dogo la chuma kitupu.
Hakuna kutu iliyofanya hivi. Ni kiganja.
Akaweka chake. Kikazidi, huku na huku.
Akakiondoa upesi, kama aliyekalia kiti cha mtu.

Nilichofanya ni hiki: mkanda mpya wa ngozi,
springi ya bobini, ile ya zamani ilichoka,
na nta ya nyuki kwenye ubao, nta ya porini,
bado ina harufu ya moshi wa mrina.
Tukajaribu juu ya gunia lile lile la tumbaku.
Mara ya kwanza uzi ukafanya vitanzi chini, ovyo kabisa.
Nikalegeza kidogo. Bado. Nikakaza nusu ya nilicholegeza.
Ikashika. Mishono ikapangana kama siafu wanaohama.

"Kaa wewe," nikamwambia.
Akakanyaga, gurudumu likarudi nyuma, uzi ukakatika.
Akakanyaga tena, ukakatika tena.
Hakuomba msaada, nami sikuutoa.

Matone mawili ya mafuta kila Ijumaa, nikamwagiza,
hapa, na hapa, si ya kupikia.
Ifunike. Na hata kama huna nguo, izungushe.

Alilipa mkanda na springi.
Ncha nilimtilia ndani ya kiberiti kitupu.
Akaitia mfuko wa shati. Akaitoa.
Akaitia mfuko wa suruali, akaitoa,
akasimama nayo barazani, akitazama juu,
na mbingu yote ya Tabora haikuwa na hata wingu moja.